Msiba wa Karani wa Masijala

Kuna kitu ukikichota kinaongezeka. Mtoto wa darasa la pili ukimtegea hicho atakujibu haraka kwamba ni shimo, na atakudai kingine. Lakini katika ofisi ya ushirika wa pamba na mpunga iliyoko Igoma, Mwanza, ile yenye ngazi za bluu na feni inayolia kama bata, jibu lilikuwa jingine. Jibu lilikuwa meza ya Josephat.

Josephat alikuwa karani wa masijala, yaani kile chumba ambamo mafaili yanalala, yanaamka na wakati mwingine yanapotea. Kwenye barua yake ya ajira kazi ilikuwa mistari mitatu: kupokea barua, kuiweka kwenye faili lake, na kulipeleka faili kwa mhusika. Mistari mitatu tu, mtu mwenye afya anaimaliza na bado akapata muda wa chai na andazi. Shida ni kwamba mafaili yalikwenda kwa wahusika yakarudi. Meneja, Mzee Shimba, alikuwa na kalamu ya wino mwekundu, na kila faili lililomfikia aliliandikia maneno mawili: "Josephat, shughulikia." Rose wa utumishi akayaona maneno hayo, yakampendeza, naye akaanza kuyaandika. Obedi, bwana shamba, hakujisumbua hata kuandika. Alisukuma mlango kwa goti, akaongeza faili juu ya mengine, akasema hilo ni dogo tu, akatoka akipiga mluzi.

Na Josephat kila mmoja alimjibu, "Ndiyo, hakuna shida."

Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mama yake kule Magu alimfundisha kwamba mkubwa akikutuma unaitika kwanza, miguu itajua yenyewe pa kwenda. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja Josephat alikuwa akiitika. Ilipoletwa kompyuta wakaambiwa makaratasi sasa yamekwisha; baada ya hapo kila kitu kikawa kinafanywa mara mbili, mara moja kwenye kompyuta na mara moja kwenye faili, na mara zote mbili na Josephat. Mafaili yakapanda juu ya meza yake kama yale mawe ya Mwanza, jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe dogo, na mgeni anasimama anashangaa kwa nini haliporomoki.

Kazi ikizidi hailali ofisini peke yake, inamfuata mtu nyumbani. Josephat alikuwa amepanga chumba Kisesa, njia ya kwenda Bujora, na mkewe Selina alikuwa mwalimu huko Magu pamoja na mtoto wao. Zamani alikwenda kwao kila Jumamosi. Siku hizi Jumamosi ilikuwa siku ya kupunguza mafaili, na Jumapili ilikuwa siku ya kusikitika kwamba hayakupungua. Akili yake ikaanza kuzungumza kikaratasi. Mwenye nyumba alimwamkia asubuhi, Josephat akamjibu, "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Alipobariki chakula, pale pa kusema Amina alisema, "Naomba kuwasilisha," halafu akakaa na kijiko mkononi akingoja Mungu aweke sahihi.

Sasa binti yake Wilhelmina, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa anapata kipaimara Jumamosi moja ya mwezi huo. Komunio ya kwanza baba yake hakuiona. Siku ile alikuwa anatafuta faili la mbegu lililopotea, ambalo baadaye lilionekana chini ya birika ofisini kwa Obedi. Safari hii mtoto hakulia wala hakubembeleza. Alipiga simu Jumatatu jioni kwa simu ya mama yake na kutoa taarifa.

"Baba, sista amesema kila mtoto asindikizwe mbele na mzazi wake. Ambaye mzazi wake hayupo anaazimwa."

"Anaazimwa nani?"

"Mzazi. Mimi nimepangiwa Mzee Chenge. Baba, Mzee Chenge anavuta ugoro, na akipiga chafya hageuki pembeni."

Josephat akasema atakuja. Kisha mtoto akasema, "Sawa baba," kwa ile sauti wanayoitumia watu wakubwa wanapoahidiwa jambo na serikali.

Jumanne asubuhi akaenda kwa Mzee Shimba. Alikuwa ameshajaza fomu ya likizo wiki tatu nyuma, akaipeleka, na fomu haikurudi. Mzee Shimba, mtu mkubwa mwenye sauti ya taratibu, naye ni wa hukohuko Magu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na imani kwamba jambo likishaandikwa kwa wino mwekundu limekwisha. Alimweleza Josephat kwamba Jumatatu inayokuja wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu, na kwamba yeye hawezi kumruhusu mtu aondoke aache meza katika hali ile.

"Ijumaa saa sita nitakuja masijala mwenyewe," akasema. "Nikiikuta meza nyeupe, nenda Magu na baraka zangu. Nikiikuta hivyo ilivyo, usiniulize."

"Ndiyo, hakuna shida," akasema Josephat.

Siku hiyo mafaili yalikuwa arobaini na moja. Akakunja mikono ya shati. Akafanya kazi Jumanne mpaka mlinzi akaanza kugonga dirisha, Jumatano akafika kabla ya kuku, akala mchana amesimama. Alikuwa na bidii kweli, msije mkadhani ni mvivu. Akimaliza manne yanaingia sita. Alhamisi mchana akayahesabu: hamsini na matatu. Akayahesabu tena kutokea chini kwenda juu, maana pengine mafaili nayo ni kama watoto wa shule, ukiwahesabu kwa nyuma wanapungua. Hamsini na matatu.

Hapo ndipo mhudumu wa ofisi, Bimdogo, alipoingia na chai.

Bimdogo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke wa makamo mwenye mwili mdogo na kinywa kikubwa. Alikuja Mwanza kwa kumfuata mume mfanyakazi wa reli. Mume akastaafu, yeye akabaki na birika la ofisi. Na kwa kuwa yeye ni Mzaramo na Josephat ni Msukuma, hao walikuwa watani. Wazee wanasema utani huo ulizaliwa njiani, enzi za watu kutembea kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakazikana na kulishana wakati wa njaa. Mtani anaruhusiwa kukutukana wewe na ng'ombe wako. Ukifiwa, ndiye anayekuja kuvuruga kilio: anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, analala njiani jeneza lisipite mpaka agombolewe. Na atakayemkasirikia mtani wake, huyo ndiye atachekwa mpaka mavuno yajayo.

Bimdogo alimkuta mtani wake anakoroga chai kwa kalamu. Akamwangalia anavyokunywa. Akaiangalia midomo yake ilivyogeuka rangi ya bluu. Kwa kawaida hapo angemwambia kwamba Msukuma hata akipewa kijiko anatafuta jembe, lakini siku hiyo aliweka birika chini.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," akajibu Josephat bila kuinua macho.

"Punda wangu ni mmoja. Kila apitaye anamwongezea mzigo, na punda anamshukuru."

Josephat akafikiri. Akasema lori. Bimdogo akatikisa kichwa. Akasema kivuko cha Kigongo kabla daraja halijajengwa. Akatikisa kichwa tena.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Magu," akasema Josephat, maana Magu ndio mji uliokuwa kichwani mwake tangu Jumatatu, na Bimdogo alikuwa ameshasimuliwa yote.

"Magu nimeupokea. Nimekaa Magu, nimekula mchele wa Magu, nimelala nikaamka. Jumamosi nikaona watoto wanaingia kanisani na nguo nyeupe. Kila mtoto na baba yake. Mmoja yuko na babu wa ugoro. Nikauliza, huyu baba yake amekufa? Wakaniambia hajafa, yuko Igoma, anawashukuru watu." Akachukua kikombe kutoka mikononi mwa Josephat. "Jibu ni wewe, mtani."

Josephat alijaribu kucheka. Kikatoka kitu kama kikohozi, kisha macho yakamjaa maji, akajifanya anatafuta faili chini ya meza. Kutokea huko chini akasema kwamba yeye hawezi kuwakatalia. Amejaribu. Wiki iliyopita alijitazama kwenye kioo akafanya mazoezi ya kusema hapana, akafika kwenye "ha", Obedi akafungua mlango, na kilichomtoka kilikuwa "hakuna shida".

Bimdogo akauliza swali moja tu.

"Maiti inasema ndiyo?"

Josephat akasema hapana, maiti haisemi kitu.

"Basi kesho njoo na soksi safi," akasema Bimdogo, akachukua birika akaondoka.

Ijumaa saa nne asubuhi Rose na Obedi walikuwa kila mmoja chumbani kwake waliposikia yowe kutoka masijala. Lilikuwa yowe kamili la msiba, lile linaloanzia tumboni na kupanda kama mtu anayekwea mnazi. Wakatoka mbio. Rose alisahau kiatu kimoja.

Walichokiona ni hiki. Mkeka umetandikwa katikati ya sakafu. Juu ya mkeka amelazwa Josephat, chali, soksi safi zimeangalia dari, na amefunikwa mpaka kidevuni kwa kile kitambaa cha kijani cha meza ya mikutano. Pembeni yake Bimdogo amejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani.

"Ametutoka," akawaambia. "Karani wenu ametutoka. Vueni viatu, mnakanyaga msiba."

Rose akashika mlango. Akauliza amekufa kwa nini, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, kwa sababu kwa nukta moja nzima aliamini.

"Kwa ndiyo," akasema Bimdogo. "Ilianza kidogokidogo, ikampanda kichwani. Daktari amesema angepata hapana mbili tu, asubuhi na jioni, angepona."

Hapo kitambaa cha kijani kikatikisika tumboni, na Obedi akaona, akaelewa, akaangua kicheko. Rose alimpiga kofi la bega kwa aibu ya kudanganyika, kisha naye akacheka, akavua kile kiatu chake kimoja akakaa kwenye mkeka. Msibani hakuna anayekaa kwenye kiti.

Simu ya mezani ikalia. Marehemu akainuka kama springi, mkono umenyooshwa. "Masijala, Josephat, nikusai..." Bimdogo akamweka kiganja kwenye paji la uso akamrudisha chini taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Simu ikalia mpaka ikachoka. Hakuna kitu kilichoanguka, wala paa la ofisi halikung'oka, na Josephat pale chini alishangaa sana.

Kisha Bimdogo akafanya kazi ya mtani. Akavaa miwani ya Josephat. Akavaa koti lake lililokuwa nyuma ya mlango, likamfika magotini. Akabeba mafaili mpaka yakamfika kwenye pua, akatembea kwa ule mwendo wa Josephat, wa haraka na wa pembeni kama kaa, akawa anaitikia kila kitu chumbani. Mlango ukalia, akauambia, "Ndiyo, hakuna shida." Feni ikalia, akaiinamia, "Ndiyo, mkubwa, utapata leo." Akajikwaa kwenye kiti, akakiomba radhi, kisha akakiuliza kama kina barua ya kujibiwa. Rose alicheka mpaka akashika mbavu. Obedi alikuwa amelala juu ya mkeka karibu na maiti.

Wakiwa bado wanafuta machozi, Bimdogo akavua miwani na kusema sasa ni mirathi.

Alichukua faili la juu kabisa. Bimdogo alisoma mpaka darasa la nne na macho yake hayakuwa mazuri, wala hakuhitaji kusoma. Kwa miaka yote amekuwa akiingia na birika na kutoka na vikombe, na hakuna anayemficha kitu mtu wa chai. Alijua kila faili limeletwa na mkono gani.

"Hili lilikuja na mluzi," akasema, akamwekea Obedi mapajani. "Na hili. Hili liliingizwa kwa goti. Hili uliliacha siku ya mvua ukasema utalifuata jua likiwaka."

Obedi akalalamika kwamba hayo alimwachia Josephat kwa muda tu. Bimdogo akamjibu kwamba sote tupo hapa duniani kwa muda tu, na akamwongezea la kumi na moja. Rose alipata kumi na manne, na kadiri yalivyoongezeka mapajani mwake ndivyo kicheko chake kilivyopungua. Alilifungua moja, akasoma, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ilikuwa barua ya mistari miwili, na imekaa miezi minne. Alitoa kalamu nyweleni mwake, akaanza kuijibu palepale.

Mengine tisa Bimdogo aliyaweka kifuani kwa Josephat. "Haya ndiyo yake. Haya angeyamaliza huku anasinzia."

Yakabaki kumi na tisa juu ya meza, yote yana wino mwekundu. Chumba kikapoa. Kwa maana ilikuwa saa sita kasoro, na kwenye ngazi za bluu zilisikika hatua nzito za mtu asiye na haraka.

Mzee Shimba aliingia na faili la hamsini na nne mkononi. Akaona viatu saba mlangoni, kwa kuwa cha nane kilibaki chumbani kwa Rose. Akaona watumishi wake wamekaa chini. Akaona kitambaa cha mikutano. Uso wake ukaanza kujikunja taratibu, kama ngozi ya ng'ombe inayokauka.

"Mama, hapa ni kazini," akamwambia Bimdogo.

"Hata mimi niko kazini, Ngosha wewe wa Kisukuma. Mtani wangu akifa, kazi yangu ndiyo hii. Au kwenu Magu siku hizi mnazikana kimya kama mbuzi?"

Mzee Shimba ni Msukuma kamili, na alikumbuka vizuri siku ya kumzika baba yake, Mzaramo mmoja alivyolala njiani mwa jeneza akidai jogoo mweupe. Baba mdogo wake alikasirika siku ile, na mpaka leo kijijini wanamwita Jogoo. Kumfukuza mtani msibani hakuweza. Lakini meneja hakosi akili, na huyu aliona kwamba kuna mtu mmoja mle ndani anayeweza kuuvunja msiba ule kwa neno moja, na neno hilo kwake ni rahisi kuliko kupumua. Akampita Bimdogo. Akasimama juu ya mkeka, akainama.

"Josephat," akasema kwa upole. "Kuna barua ya haraka hapa. Wakulima wanangoja. Utanishughulikia?"

Chini ya kitambaa kile, Josephat alilisikia neno likija. Lilitokea mbali, kwenye vidole vya miguu, likapanda kama kwikwi. Lilikuwa na nguvu ya miaka kumi na moja. Na mzee alikuwa ameuliza kwa upole, jamani, mtu akiwaombea wakulima kwako kwa upole unamjibu nini? Akauma pindo la kitambaa. Lilikuwa na ladha ya soda ya zamani na vumbi la mikutano. Akamwona Wilhelmina amesimama kwenye mstari na nguo yake nyeupe, na nyuma yake Mzee Chenge anavuta pumzi, kichwa kinarudi nyuma, pua imepanuka.

Neno likafika kooni likagonga. Hakulifungulia.

Rose ameacha kuandika. Obedi ameshikilia pumzi.

Mzee Shimba akainama zaidi. "Josephat, unanisikia?"

"Hapana," likatoka chini ya kitambaa.

Halikuwa kubwa. Lilitoka na mkwaruzo, kama mlango wa ghala ambalo halijafunguliwa misimu mingi. Lakini lilikuwa ni lenyewe, lote, mwanzo mpaka mwisho, na aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Josephat, ambaye alifumbua macho akayakuta ya bosi wake yako juu yake, karibu sana. Wakatazamana. Kitu kikaanza kutikisika kwenye tumbo la Mzee Shimba. Alikizuia, akafunga midomo, akatazama dari, akakumbuka wakaguzi, lakini wapi. Kicheko kilimtoka kikubwa hata mlinzi aliyekuwa getini akauliza kuna nini juu.

"Maiti imenikatalia," akasema alipopata pumzi. "Mwaka wa ishirini na sita huu niko kazini. Sijawahi kukataliwa na maiti."

Akavua viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia, na hakuna aliyesema kitu maana msiba una heshima yake. Akakaa kwenye mkeka. Bimdogo, bila kuulizwa, akampangia kumi na tisa yake mbele ya magoti.

Mzee Shimba alifungua la kwanza akiwa bado anajifuta macho. Lilikuwa linangoja sahihi yake tu. Akaweka sahihi. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na maandishi ya Josephat, ya adabu, yanayomkumbusha kwamba linangoja sahihi yake, na juu ya maandishi hayo, kwa wino mwekundu: Josephat, shughulikia. La nne lilikuwa na ukumbusho wa ukumbusho huo. Kicheko kikawa kinamwisha kidogokidogo. Alipofika la kumi na mbili alisimamisha kalamu, akaisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Hii ni nini?"

Obedi akanyoosha shingo akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ni fomu ya Josephat ya kuomba likizo, siku tano, kwa ajili ya kipaimara cha mtoto. Pale panapotakiwa uamuzi wa meneja palikuwa pameandikwa maneno mawili, kwa rangi ileile.

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee Shimba akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Nilimwagiza ajishughulikie."

"Ndiyo maana amekufa," akasema Bimdogo.

Mzee akaweka sahihi. Akaangalia lile faili la hamsini na nne alilokuja nalo, la wakulima wanaongoja, akalifungua, akatoa simu mfukoni, akapiga, akaongea nao kwa Kisukuma dakika tatu, na jambo likaisha. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa akigonga siku zote ni wa nyumba yake. Aliporudisha kalamu mfukoni akamuuliza Bimdogo anataka agombolewe kwa kitu gani ili maiti iachiwe. Bimdogo akasema samaki sato mmoja mzima wa kukaanga, wa soko la Kirumba, asiwe wa jana, na ugali usiwe wa Kisukuma wa kuua mtu. Mzee akasema atapata. Josephat akafunuliwa. Alikuwa amelala usingizi, mafaili tisa kifuani yanapanda na kushuka, na ilibidi mtu amtikise mara tatu ili afufuke.

Jumamosi asubuhi pale parokiani Magu palikuwa na watoto sitini na wawili, na joto, na harufu ya viatu vipya. Josephat alisimama kwenye mstari nyuma ya Wilhelmina. Selina alikuwa amemfunga tai mwenyewe, kwa kutomwamini. Mtoto hakusema mengi tangu jana baba yake alipotokea mlangoni kukiwa bado na jua. Alimwangalia tu, akaenda zake kumsaidia mama yake kupika, halafu kila baada ya muda akarudi kuchungulia kama bado yupo.

Kengele ya kwanza ilikuwa imeshapigwa alipokuja katibu wa parokia, jasho linamtiririka, na daftari kubwa kwapani. Uso wake ukang'aa.

"Josephat! Mungu kakuleta. Wewe mtu wa ofisi bwana, mwandishi wetu kaumwa. Njoo ukae pale mezani utuandikie majina tu, majina na tarehe za kuzaliwa, ni kazi ndogo. Mtoto atasindikizwa na mtu mwingine."

Josephat akalisikia likija. Vidole vya miguu, magoti, tumbo. Hapa hapakuwa na kitambaa cha kuuma wala mtani wa kumshika paji la uso, na katibu alikuwa mtu mwema na amechoka. Kinywa kikafunguka chenyewe.

Wilhelmina hakugeuka. Alirudisha nyuma mguu wake mmoja, wenye kiatu cheupe kipya chenye kisigino kigumu, akaukanyaga wa baba yake, akauacha hapohapo.

"Leo siwezi," akasema Josephat.

"Kwani una kazi gani leo?"

"Nasimama hapa."

Katibu akangoja kidogo kama kuna maelezo zaidi. Hayakuja. Akainua mabega, akageukia mstari wa pili, akamwomba mwalimu mmoja wa sekondari, na yule mwalimu akasema hewala, mbona anapenda kuandika, akachukua daftari na kwenda kukaa kivulini kwenye meza kwa raha zake. Ikawa imekwisha. Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Kwaya ikaanza. Mstari ukasogea hatua moja. Wilhelmina akauondoa mguu wake, akanyoosha nguo, akasogea mbele, na baba yake akasogea nyuma yake akichechemea.